Opsheni za hisa nimezielewa Bashay, si Dar

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda nyumbani, Bashay, huko Mbulu. Wengi wenu mkisikia Manyara mnakumbuka twiga na viboko wa Ziwa Manyara. Sisi wa huko tunakumbuka baridi, udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, na harufu ya kitunguu saumu. Saumu ya Mbulu ndiyo iliyosomesha watu wengi wa kwetu, na mimi nimo.

Nilibeba na kitabu kimoja kuhusu soko la hisa. Miezi kadhaa nilikuwa najifunza opsheni, ule mkataba ambao vijana wengi wa mjini siku hizi wanautaja wakiwa na simu mkononi. Ninajua kunukuu maana yake vizuri tu. Kuielewa ni kitu kingine, na aliyenielewesha ni mjomba wangu, mkulima wa saumu, ambaye hajawahi kulisikia hilo neno.

Jioni ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba na chai ya maziwa, mjomba akaanza kunisimulia habari za tajiri. Kwetu huko tajiri ni yule anayekuja na gari kununua mazao, hata kama gari ni la kukodi. Miezi miwili kabla ya kuvuna, tajiri alikuja akaliangalia shamba, akasema, "Mzee, saumu hii naichukua yote, kilo kwa shilingi 3,000." Akatoa shilingi 150,000 za advansi. Mjomba akafurahi, kwa sababu alikuwa anadaiwa ada ya shule. Hakuna kilichoandikwa. Wakashikana mikono.

Wakati wa kuvuna ulipofika, bei ilikuwa imepanda hadi 5,000. Tajiri akatokea asubuhi na mapema, anacheka, ana mizani na magunia. Mjomba alikuwa na kilo 800. Akauza kwa 3,000 kama walivyokubaliana, maana kwetu neno la mtu mzima ni neno.

Nikamwuliza, "Na mwaka juzi je?" Mwaka juzi tajiri huyohuyo alitoa advansi ya 100,000, wakakubaliana bei, halafu bei ikaanguka. Tajiri hakuonekana. Simu inaita, haipokelewi. Mjomba akamngoja mwezi mzima huku akiwarudisha wanunuzi wengine akisema mzigo una mwenyewe. Mwishowe aliuza kwa bei ya chini kuliko hata ile aliyokuwa akipewa wiki ya kwanza.

Jamani, nilipigwa na butwaa. Nilichukua kitabu changu nikasoma tena ule ukurasa. Kile alichonunua tajiri kwa 150,000 ni opsheni ya kununua, kamili, haikukosa kitu. Mjomba wangu ni muuzaji wa opsheni miaka nenda rudi, ila anaiuza kwa bei ya kutupa.

Hebu tuende taratibu, kwa faida ya wale ambao hili ni geni kwao. Opsheni ni haki inayonunuliwa. Mnunuzi anapata haki ya kununua au kuuza kitu fulani, kwa bei iliyokubaliwa leo, mpaka siku fulani ya mwisho. Kwa haki hiyo analipa ada, na ada hiyo hairudi. Mnunuzi akiona haifai kuitumia haki yake, anaiacha tu. Muuzaji hana uhuru huo. Yeye amekwisha kula ada, kwa hiyo akiitwa lazima atimize.

Sasa rudi shambani kwa mjomba. Kitu ni kilo 800 za saumu. Bei ya makubaliano ni 3,000. Siku ya mwisho ni mavuno. Ada ni 150,000. Mwenye haki ni tajiri, mwenye mzigo ni mjomba. Bei ikipanda tajiri anakuja, ikishuka anazima simu. Tena kwa mantiki ya opsheni tajiri hakukosea kutokuja. Kosa liko kwenye ada. Mwaka huu mjomba ameachia 2,000 katika kila kilo, yaani 1,600,000, na alichopewa kama malipo ya kubeba hatari hiyo ni advansi, ambayo hata hivyo ilikatwa kwenye hesabu ya mwisho! Kwa maneno mengine, haki ile aliitoa bure.

Kwenye hisa mambo ni hayohayo. Tuseme kuna hisa ya kampuni fulani inauzwa 1,000. Wewe unaamini itapanda ndani ya miezi mitatu. Njia ya kwanza, unanunua hisa 100 kwa shilingi 100,000. Njia ya pili, unanunua opsheni ya kununua hisa 100 kwa bei ya 1,000, na unalipa ada ya 60 kwa kila hisa, yaani 6,000 tu.

Hisa ikifika 1,200, mwenye hisa amepata faida ya 20,000 kwa kuweka 100,000. Mwenye opsheni amepata 200 kwa kila hisa, ukitoa ada ya 60 inabaki 140, jumla 14,000 kwa kuweka 6,000. Hapo ndipo vijana wanapochanganyikiwa. Kuzidisha pesa zaidi ya mara mbili kwa miezi mitatu, nani hataki?

Lakini tazama upande wa pili. Hisa ikibaki palepale kwenye 1,000, mwenye hisa hajapoteza kitu, hisa zake anazo, na huenda mwakani akapata gawio. Mwenye opsheni amepoteza 6,000 yote. Na hisa ikipanda hadi 1,050, mwenye opsheni ana hasara ya 1,000. Umepatia kwamba hisa itapanda, imepanda kweli, na bado umepoteza! Kwa sababu ulitakiwa upatie mambo matatu kwa pamoja: inaelekea wapi, inakwenda umbali gani, na lini. Mwenye hisa anaweza kungoja. Mwenye opsheni ana barafu mfukoni, kila siku inayopita inayeyuka.

Wazo hili si la jana. Aristotle anamwelezea Thales wa Mileto, aliyeona kwamba mizeituni itazaa sana, akalipa advansi ndogo ya kukodi mashine za kukamulia mafuta wakati hakuna aliyezitaka, na msimu ulipofika akazikodisha kwa bei aliyoitaka yeye. Tajiri wa saumu kabisa! Tofauti ni kwamba soko la kisasa liliuweka mchezo huu hadharani. Tarehe 26 Aprili 1973 lilifunguliwa soko la opsheni mjini Chicago, likianza na hisa za kampuni 16 na opsheni za kununua peke yake. Za kuuza zilifuata mwaka 1977. Mkataba mmoja wa kawaida wa Marekani unahusu hisa 100, una siku yake ya mwisho, na ada yake inaonekana na kila mtu. Katikati ya mnunuzi na muuzaji kuna taasisi inayohakikisha kwamba mwenye mzigo anatimiza, kwa kumtaka muuzaji aweke dhamana.

Mwaka huohuo wa 1973, Fischer Black na Myron Scholes walichapisha hesabu ya namna ya kukadiria ada ya opsheni. Hesabu yenyewe ni ngumu, sitajifanya ninaimudu. Ila kiini chake hata mjomba alikielewa: kadiri bei ya kitu inavyoyumba, na kadiri muda unavyokuwa mrefu, ndivyo haki hiyo inavyopaswa kuwa ghali. Sasa niambieni, kuna kitu kinachoyumba bei kama saumu? Msimu huu 5,000, msimu ule haina wa kuichukua. Basi haki ya kununua saumu kwa bei iliyofungwa miezi miwili kabla ni mali ya thamani kubwa. Na sisi tunaigawa kama karanga za kuonja.

Mpaka hapo nimezungumzia haki ya kununua. Haki ya kuuza ndiyo ingetufaa zaidi wakulima. Waulize watu wa Babati na Hanang kuhusu mbaazi mwaka 2017. Misimu iliyotangulia kilo ilifika shilingi 2,000 na kuzidi, kwa sababu India ilikuwa inazitafuta kwa tochi. Watu wakalima mbaazi kila kona. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingizwa nchini mwake, tani 200,000 kwa mwaka. Soko likafa. Kilo ikaanguka hadi shilingi mia chache, na walioacha mbaazi zikaukie shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei hawakuwa wachache.

Fikiria mkulima mwenye kilo 1,000 angekuwa na opsheni ya kuuza kwa 1,200, aliyoilipia ada ya 100 kwa kilo. Bei imeanguka hadi 200. Anaitumia haki yake, anapata 1,200,000, toa ada 100,000, anabaki na 1,100,000 badala ya 200,000. Na kama bei ingepanda hadi 2,000, angeiacha opsheni ife, akauza sokoni, hasara yake ni ile ada tu. Ni kama bima. Hakuna anayelia kwa sababu nyumba yake haikuungua mwaka huu na ada ya bima imekwenda.

Mtasema hizo ni ndoto za kitabuni. Si ndoto. Afrika Kusini wakulima wa mahindi meupe wamekuwa na soko la mikataba ya namna hii tangu miaka ya 1990. Na majirani zetu Malawi, mwaka 2005, walipoona njaa inakuja, serikali ilinunua opsheni ya kununua tani 60,000 za mahindi, bei ikiwa imefungwa kwa kufuata soko hilo la Afrika Kusini, kwa ushauri wa Benki ya Dunia na msaada wa fedha wa Waingereza. Bei ikapanda kweli. Malawi ikaitumia haki yake, ikaletewa mahindi kwa bei iliyofungwa. Laiti bei ingeshuka, wangepoteza ada na kununua kwa bei nafuu. Huo ndio utumiaji wa opsheni ninaouheshimu, mtu analipa kidogo ili asilipe sana.

Sasa tuje kwenu, na kwangu pia, maana hapa nina aibu ya kusimulia. Nilipomaliza kumweleza mjomba yote haya, nikichora kwenye karatasi kama profesa, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa wewe mjomba unayeyajua haya yote, yamekuingizia kiasi gani?"

Wadau, nilinyamaza. Ukweli ni kwamba nilipoteza dola 180. Niliingizwa na rafiki kwenye kampuni moja ya mtandaoni inayojiita ya opsheni. Unaambiwa ubashiri kama bei itapanda au itashuka ndani ya dakika tano. Ukipatia unaongezewa asilimia fulani, ukikosa wamechukua zote. Siku ya kwanza nilishinda mara nne mfululizo nikajiona bingwa. Wiki ya pili salio likawa sifuri.

Kile hakikuwa opsheni ya hisa hata kidogo. Sikuwa na haki ya kununua wala kuuza chochote. Nilikuwa nacheza kamari dhidi ya kampuni ambayo inapata faida mimi nikikosa, na bei ninayoiona kwenye kioo naletewa na kampuni hiyohiyo. Wenzetu walikwishang'amua. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilizuia kuwauzia watu wa kawaida bidhaa hizo kuanzia Julai 2018, na Uingereza ikapiga marufuku ya kudumu Aprili 2019. Waliofungiwa huko hawakuacha kazi, walitafuta wateja kwingine, na sisi wenye simu na njaa ya kutoka kimaisha ndio wateja.

Tusijidanganye kwamba kosa hili ni la wasiosoma. Mwaka 2009 DECI ilipozuiwa, wengi waliolia kwa sababu ya mbegu zao walizopanda walikuwa watumishi wenye vyeti. Na walio juu kabisa kielimu pia huanguka. Myron Scholes na Robert Merton walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kazi yao ya kukadiria bei za opsheni. Mwaka uliofuata, mfuko wa uwekezaji waliokuwa washirika wake, Long-Term Capital Management, uliporomoka mpaka mabenki makubwa yakaitwa kuunusuru. Kama waliotunga hesabu walipigwa, mimi na kozi yangu ya wiki mbili ni nani?

Ndiyo maana maoni yangu ni haya. Jifunzeni opsheni, tena kwa bidii, lakini msianze kwa kuzinunua. Kwetu bado hata nafasi hiyo ni finyu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na hisa za TOL, na mtu wa kawaida anachonunua pale hasa ni hisa na hatifungani. Nairobi walifungua soko la mikataba ya baadaye mwaka 2019, ikiwemo ya hisa za Safaricom, nayo kwa mtu mwenye mshahara wangu si mahali pa kuanzia. Anayekuambia unaweza kununua opsheni hapa Bongo kwa shilingi 20,000 kupitia kundi la simu, mwulize leseni yake kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akianza kukupa ushuhuda wa gari lake badala ya leseni, ondoka.

Anza na hisa yenyewe. Fungua akaunti kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni, nunua chache za kampuni unayoijua, kaa nazo mwaka mzima. Uone bei ikilala miezi bila kutikisika, uone gawio likiingia, uone moyo wako unavyodunda ikishuka. Wakati huohuo chukua daftari, fanya biashara ya opsheni kwa karatasi. Andika bei, andika ada, andika siku ya mwisho, kisha subiri. Mimi nimeanza hivyo upya. Katika mikataba kumi niliyoiandika daftarini, saba imekufa bila kitu. Daftari halikunidai hata senti.

Faida kubwa ya somo hili, kwa maoni yangu, haiko hata kwenye hisa. Iko kwenye kuzoea kuuliza maswali manne kila unapoletewa makubaliano: nani ana haki, nani ana mzigo, haki hiyo imelipiwa kiasi gani, na inakwisha lini. Mwenye nyumba anayekwambia weka pesa kidogo nikushikie chumba, mwajiri anayekufunga mkataba ambao yeye anaweza kuuvunja na wewe huwezi, tajiri wa saumu, wote hao wanafanya biashara ya opsheni. Anayejua yuko upande gani hula. Asiyejua huliwa huku akishukuru kwa advansi.

Kabla sijaondoka Bashay tulikaa na mjomba tukaandika karatasi moja kwa ajili ya msimu ujao. Nusu tu ya saumu ndiyo itakayofungwa bei, nusu nyingine itauzwa kwa bei ya siku hiyo. Advansi itakuwa 400,000, na haitakatwa kwenye malipo ya mwisho. Asipokuja ndani ya siku saba tangu kuvuna, mzigo ni huru na advansi ni ya mjomba. Pande zote mbili ziweke sahihi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Nilimwonya kwamba tajiri anaweza kukataa. Mjomba akakunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa koti. "Akikataa," akasema, "nitajua kwamba miaka yote alikuwa anajua."

Juzi kanipigia simu. Tajiri amefika, amesoma karatasi mara mbili, ameanza kubembeleza kutoka 400,000 hadi 250,000. Mjomba bado hajajibu. Kwa mara ya kwanza ni yeye anayengojwa. Mwenye mawazo tofauti karibu tujadili.

Alamsiki.